Grafu inasema mega 13, poti ya 7 ina makosa 48,213, na bosi anataka kununua swichi mpya

bint_vingunguti

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kabla profoma haijasainiwa.

Niko kwenye godauni moja la nondo na mabati huku Vingunguti, ukishapita Tazara. Mimi ndiye IT, ndiye fundi wa printa, na kiyoyozi kikivuja naitwa mimi pia. Mtandao wetu si mkubwa. Swichi kuu iko ofisini ghorofani pamoja na seva ya mauzo na kinasa picha cha kamera. Chini godauni kuna swichi ya Cisco ya poti 48 kwenye kabati lisilofungika vizuri, vumbi la chuma limejaa mpaka kwenye feni. Kati ya hizo mbili inapita faiba moja ya gigabiti 1, kule chini imechomekwa poti ya 49.

Shida yenyewe: ikifika saa 11 jioni, wakati watu wa mauzo wanafunga hesabu, mfumo unakuwa mzito. Ukibonyeza unasubiri. Risiti ya EFD inagoma kutoka, mteja ameshapakia nondo kwenye Fuso, dereva anapiga honi, na wote wananitazama mimi. Saa 12 kasoro mambo yanatulia yenyewe kama vile hakukuwa na kitu.

Nilichokiona kwenye `show interfaces`:

Poti ya 7, kompyuta ya mizani ya getini: CRC (data iliyofika imeharibika) 48,213. Kasi 100, full-duplex (kutuma na kupokea kwa pamoja). Late collision ni 0.

Poti ya 49, ile faiba: CRC 0, lakini "Total output drops", yaani paketi zilizotupwa zikiwa zinatoka, ni milioni 1.9 na ushee.

Poti nyingine zina makosa mawili matatu, nyingi hazina kabisa.

Tuna na MRTG, programu ya kuchora grafu za mtandao, aliyoiacha jamaa aliyekuwa hapa kabla yangu. Grafu ya poti ya 49 inaonyesha mega (megabiti kwa sekunde) 13 au 14 mchana kutwa. Jioni inaruka hovyo, mara 90, mara 5, mara 60, lakini sijawahi kuiona ikivuka 114 hivi. Bosi kaiangalia kasema: "Laini ya giga nzima mnatumia 13, halafu mnalia mtandao mzito? Basi hiyo swichi ni mbovu." Profoma ya mpya iko mezani kwake.

Kinachonichanganya ni kwamba kinasa picha kinasema kila kamera inatuma mega 4, na kamera ziko 32, zote zinapita kwenye hiyo faiba. Niamini namba ipi?

kebo_na_koleo

CRC ni kebo, haina mjadala. Badilisha kebo ya poti ya 7, chomeka kichwa kipya, uje ushukuru hapa. Siku hizi kuna kebo zimejaa sokoni, alumini imepakwa shaba juu kidogo tu, ukiikwaruza kwa wembe inaonyesha weupe. Pia angalia isiwe imelala bega kwa bega na waya wa umeme wa mota ya geti.

bint_vingunguti

@kebo_na_koleo asante mkuu. Kebo tumeshavuta mpya, shaba tupu, nimeikwaruza mwenyewe. Urefu hauzidi mita 70 na haipiti na umeme. Makosa yanaongezeka vilevile.

mpanda_ngazi

Dada, profoma ikae kwanza. Hapo una mambo matatu umeyafunga kwenye furushi moja, ngoja tuyafungue.

Naanza na grafu, maana ndiyo iliyomdanganya bosi wako. Kamera 32 mara mega 4 ni 128. Grafu inasema 13 na nusu. Toa, unabaki na 114.5. Hiyo namba siyo ya bahati. MRTG yako inasoma kaunta ya biti 32, ifOutOctets, ambayo mwisho wake ni baiti 4,294,967,295. Ikifika hapo inarudi sifuri na kuanza upya, kama kilomita za dashibodi ya Land Rover ya zamani. MRTG inapita kuisoma kila baada ya dakika 5, yaani sekunde 300. Mzunguko mmoja mzima ndani ya sekunde 300 ni sawa na wastani wa megabiti 114.5 kwa sekunde. Kamera zako zinaizungusha mara moja na chenji, na programu inaiona chenji peke yake.

Ingekuwa namba mpya ni ndogo kuliko ile ya zamani, programu ingeshtuka kwamba imezunguka. Lakini hapa inazunguka, inaipita namba ya zamani, inasogea mbele kidogo. Kwa macho ya MRTG ni ongezeko dogo la kawaida. Ndiyo maana hujawahi kuona zaidi ya 114, na ndiyo maana jioni inaruka kama chura. Mzigo unapanda, chenji inabadilika hovyo.

Usiilaumu MRTG. Tobias Oetiker alipoianza miaka ile ya 1994 na 1995 alikuwa anapima laini ya kilobiti 64. Kwa kasi hiyo kaunta ya biti 32 inachukua siku 6 kuzunguka, kwa hiyo kusoma kila dakika 5 kulitosha na kusaza. Kwenye giga iliyojaa inazunguka kila sekunde 34. Hii wala si siri: RFC 2863, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2000, inaagiza kifaa chenye poti inayozidi mega 20 kiwe na kaunta ya baiti ya biti 64. Swichi yako inazo, hakuna aliyeziuliza tu. Zinaitwa ifHCInOctets na ifHCOutOctets. SNMP, ile lugha ambayo MRTG inatumia kuiuliza swichi, toleo la 1 haiwezi kuzibeba, lazima uende v2c au v3. Kwenye faili la MRTG, mwisho wa mstari wa Target ongeza `:::::2`, uwashe upya. Kesho asubuhi utaona 128 yako imekaa pale kama ilivyo.

La pili, zile paketi zilizotupwa poti ya 49. Hilo siyo kosa la waya. Kosa la waya ni pale fremu, yaani kifurushi cha data, inapofika imechakaa, hesabu ya mwisho haikubali, swichi inaitupa. Hizi za kwako ni fremu nzima kabisa, swichi imezitupa kwa sababu bafa ya kutokea, yaani kumbukumbu zinaposubiri foleni, imejaa. Ukivuta faiba mpya hazitapungua. Ukinunua swichi mpya yenye poti ile ile ya giga 1 kwenda juu, nazo utazikuta. Sasa niambie, saa 11 jioni kitu gani kinatoka chini kwenda juu? Na hizo milioni 1.9 zimejikusanya tangu lini? Tazama mstari unaosema "Last clearing".

La tatu, poti ya 7. Usiniambie makosa ni mangapi, niambie yanaongezeka mangapi. Mimi nikiambiwa 48,213 ni kama sijaambiwa kitu, inaweza kuwa ni kebo ya mwaka juzi iliyokwisha kutupwa. Soma sasa hivi, kaa dakika 10, soma tena, andika na idadi ya paketi zilizoingia katika muda huohuo. Halafu niletee mstari wa poti hiyo kutoka `show interfaces status`. Nataka kuona kama imeandikwa "a-full", yaani imepatana yenyewe kwa auto, au "full" tupu.

bint_vingunguti

Nimerudi.

"Last clearing" inasema never, na swichi imewaka zaidi ya miaka miwili bila kuzimwa. Tuna UPS nzuri, hiyo angalau nilishinda vita.

Poti ya 7 kwa dakika 10 mizani ikiwa kazini: makosa yameongezeka 212, paketi zilizoingia 31,040. Nikasoma tena wakati wa chakula cha mchana, geti limefungwa: ongezeko 0.

Na imeandikwa "full" tupu, na kasi "100" tupu. Poti zote nyingine zina ile "a-" mbele. Nikaingia kwenye usanidi nikakuta `speed 100` na `duplex full` chini ya poti ya 7 pekee.

Saa 11: kompyuta za mauzo, ziko nane, zote zinaanza kunakili mafaili kwenda kwenye seva ghorofani. Aliyepanga ratiba alipanga zianze pamoja saa 11 kamili.

mpanda_ngazi

Basi umeshajijibu mwenyewe dada, mimi nakueleza sababu tu.

Poti ya 7. Kuna mtu aliibana swichi kwa mkono, mia na full. Enzi hizo kulikuwa na imani kwamba ukibana poti ndiyo inatulia. Ukishaibana, swichi inaacha kujitambulisha kwa mwenzake. Kompyuta ya mizani bado iko kwenye auto, inasikiliza, haisikii salamu. Kasi inaweza kuitambua kutokana na mawimbi yenyewe, lakini dupleksi haiwezi, na kanuni inasema ukishindwa kujua chukua nusu. Sasa huku swichi inaongea na kusikiliza kwa pamoja, kule kompyuta inaamini ni zamu kwa zamu. Kompyuta ikiwa katikati ya kutuma, swichi nayo ikatuma, kompyuta inadhani wamegongana. Inakata sentensi katikati, inanyamaza, inasubiri, inaanza tena. Kile kipande kilichokatwa kinafika kwenye swichi bila mkia, ndiyo CRC yako. Na ndiyo maana wakati wa chakula huoni kitu: pande zote mbili zisipokuwa na la kusema, hakuna wa kumkatisha mwenzake.

Kitu cha kukumbuka ni kwamba kila upande unalia kilio chake. Upande wa full unaona CRC, upande wa half unaona migongano ya kuchelewa, ile late collision. Ukiwa na swichi tu unaona nusu ya kesi. Nenda kwenye kompyuta ya mizani, fungua PowerShell, andika `Get-NetAdapter | Format-List Name, LinkSpeed, FullDuplex`. Nakuhakikishia utaona False. Halafu dawa: `speed auto`, `duplex auto`. Usiende kuibana kompyuta nayo ili zifanane. Giga ya waya wa shaba inataka hayo makubaliano ya otomatiki kwa lazima, na kompyuta yoyote ya miaka hii ni ya giga.

212 kwa 31,040 ni kama 0.7 kwa mia. Mtu anaweza kusema ni kidogo. TCP, itifaki inayosafirisha data yenyewe, haisemi hivyo. Kila fremu ikipotea inapunguza mwendo, wa mizani wataona skrini inaganda halafu inakimbia.

Sasa hizo kompyuta nane. Piga hesabu. Giga 1 ni kilobaiti 125 kwa kila milisekunde. Chukua tatu tu zitume kwa nguvu yote kwa wakati mmoja: zinaingia 375, faiba inatoa 125, kila milisekunde 250 hazina pa kwenda. Bafa ikiwa megabaiti 1, imejaa ndani ya milisekunde 4. Kuanzia hapo swichi inatupa, na haichagui. Inatupa ya kunakili, inatupa ya risiti ya EFD. Wewe unazo nane, na kamera juu yake. Halafu grafu ya wastani wa dakika 5 inakuja kukwambia poti ilitumika asilimia 60, na bosi anasema si mna nafasi kubwa hiyo? Wastani haujui milisekunde 4. Kwa kitu kama hiki mtazame mtupaji, ifOutDiscards, kaunta ya paketi zilizotupwa, ndiye aliyekuwepo.

Sogeza kunakili kuanzia saa 4 usiku, na uzipishanishe. Hiyo ni bure. Kama hiyo faiba ina nyuzi za ziada, na nyingi zinakuwa nazo, unaweza baadaye kuunganisha poti mbili kwa LACP, lakini ujue kompyuta moja ikiongea na seva moja itaendelea kupita uzi mmoja tu. Usimuahidi bosi kwamba kila kitu kitakuwa mara mbili.

mlinzi_wa_poti

Nakubaliana na mpanda_ngazi, ila nimuongezee dada upande wa ufuatiliaji maana swali lake lilikuwa na hilo pia. Kuingia swichi moja moja kusoma si kazi, utachoka.

Weka LibreNMS au Zabbix kwenye kompyuta yoyote ya zamani, zote ni bure na zinauliza za biti 64 zenyewe. Kwa kila poti chukua ifHCInOctets, ifHCOutOctets, ifInErrors, ifOutErrors, ifInDiscards na ifOutDiscards. CRC kwa jina lake utaipata kwenye dot3StatsFCSErrors, na dupleksi kwenye dot3StatsDuplexStatus: 3 ni nzima, 2 ni nusu. Hiyo ya mwisho watu wengi wanaisahau. Weka tahadhari poti yoyote ikisoma 2, utakamata kesi kama ya mizani kabla mtu hajapiga simu.

Tahadhari ya makosa iweke kwenye ongezeko, siyo jumla. Ukiiweka kwenye jumla, poti ya 7 itakupigia kelele milele hata baada ya kupona. Na usitegemee `clear counters`. Kwenye Cisco inafuta kile unachokiona kwenye skrini, kaunta za SNMP haizigusi. Utashangaa skrini inasema 0 na Zabbix inasema 48 elfu.

Jingine: kila poti iandike `description`. "Mizani getini", "kamera 12 ukuta wa nyuma". Inatoka kwenye ifAlias na tahadhari inakuja na jina. Saa 8 usiku "poti ya 23" haikuambii kitu. Na weka `snmp-server ifindex persist`, au `snmp ifmib ifindex persist` kulingana na toleo, la sivyo swichi ikizimwa na kuwashwa namba za ndani zinaweza kuhama, ukajikuta grafu ya kamera imeingia kwenye mizani.

Na lile neno "public", nywila ya SNMP ambayo kila mtu anaijua, libadilishe leo.

mpanda_ngazi

@mlinzi_wa_poti umesema vizuri, napinga kidogo tu. Usimuanzishie tahadhari 40 siku ya kwanza. Poti za kompyuta zinazimwa jioni na kuwashwa asubuhi, simu yake italia mpaka aizime, na akishaizima ndiyo imetoka. Aanze na poti ya 49, ya seva, ya kinasa picha na ya mizani. Nyingine grafu inatosha. Na poti ya 49 aisome kila dakika 1.

kebo_na_koleo

Haya, ya poti ya 7 mmenishinda. Ila vumbi la chuma kwenye kabati bado lina kesi. Kichwa cha faiba kikiingia vumbi mwanga unashuka. Kama moduli inakubali, `show interfaces transceiver` inaonyesha mwanga unaoingia kwa dBm. Iandike leo ikiwa nzima, ili siku ikishuka ujue imeshuka kutoka wapi. Na usikipulize kwa mdomo, mate ni mabaya kuliko vumbi.

bint_vingunguti

Jamani, Mungu awabariki.

FullDuplex ilikuwa False kweli, nimecheka peke yangu kwenye kibanda cha mizani mpaka mlinzi kauliza kuna nini. Nimerudisha auto, imepanda a-full a-1000. CRC haijasogea tangu hapo, na malori yamepita mengi.

MRTG sasa inaonyesha 128 mpaka 131 mchana kutwa. Nimemwonyesha bosi grafu mbili, ya zamani na ya sasa, kaangalia muda mrefu halafu kaniuliza kwa hiyo siku zote ilikuwa inadanganya? Nikamwambia ilikuwa inahesabu chenji. Profoma kairudisha kwenye droo, hajaichana, lakini kairudisha. Ratiba ya kunakili nimesogeza saa 4 usiku, kompyuta mbili mbili. Jana saa 11 output drops hazikuongezeka hata moja na EFD ilitoa risiti bila kusuasua. Zabbix naiweka mwishoni mwa wiki, kwa poti nne kwanza kama mpanda_ngazi alivyosema. Mwanga wa faiba nimeuandika kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Swali dogo la mwisho. Wakati napitia poti zote nimeona ya 31, kisambaza Wi-Fi cha ofisi ya manunuzi, imepatana a-full a-100 wakati kifaa ni cha giga. Makosa 0. Hakuna aliyeibana, nimeangalia. Niiache?

mpanda_ngazi

Usiiache. Mia inatumia jozi mbili tu, pini 1, 2, 3 na 6. Giga inataka zote nne. Ikishuka mia bila makosa, mara nyingi 4, 5, 7 au 8 haijakamata. Anza na kichwa cha upande wa kisambaza, kule juu ya dari ndiko watu huwa wanachomeka kwa haraka. Kata, chomeka upya, na kama swichi yako inakubali, `test cable-diagnostics tdr interface gi1/0/31` itakuonyesha jozi ipi imekatika na umbali wake. Fanya wakati hawatumii, maana kipimo kinaweza kuiangusha poti kwa muda.